Kujaribu fremu Moi Avenue, kununua miwani kwingine: tathmini ya huduma isiyo na bei

Ingia duka lolote la miwani katikati ya Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Kimathi Street, uombe kujaribu fremu. Utavutiwa kiti, utawekewa kioo na trei ya fremu sita au saba, na mhudumu atasimama hapo akikupa moja na kupokea nyingine. Hakuna anayetaja pesa. Dakika 20 zikiisha, wateja wengi hufanya jambo lile lile: hugeuza mkono wa fremu waliyoipenda, hupiga picha ya namba zilizoandikwa kwa ndani, hurudisha fremu, husema "nitarudi", na kabla hawajafika stendi ya matatu picha hiyo imeshaingia WhatsApp ya muuzaji mwingine.

Tunachokagua hapa ni zile dakika 20: zina kazi gani ndani yake, nani anazilipia, na zinakufaa kiasi gani ukienda kununua kwingine.

Tuanze na zile namba. Huwa kama 52□18 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni nafasi kati ya lenzi mbili pale puani, ya tatu ni urefu wa mkono mpaka ncha inayokaa nyuma ya sikio. Jumlisha mbili za kwanza upate 70. Sasa toa umbali kati ya mboni zako za macho, tuseme 62, ugawanye kwa mbili: kila lenzi itabidi isogezwe ndani milimita 4. Kwa mtu wa −1.00, yaani mwenye lenzi hafifu za kuona mbali, hilo halina neno. Kwa mtu wa −6.00, mwenye lenzi kali, kusogeza huko kunaacha ukingo mnene upande wa sikio, kama kitako cha chupa ya soda. Mhudumu anayejua kazi huliona hilo kabla hujauliza, akakutoa kwenye 52 akupeleke kwenye 48 ya duara. Ushauri huo hauonekani popote kwenye risiti.

Kisha kuna pua, na hapa namba haisaidii. Fremu nyingi zinazoingia nchini zimechongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Ukiwa na pua pana ambayo daraja lake liko chini, fremu ya plastiki isiyo na vipedi (vile vishikizi vidogo vya puani) itashuka, lenzi zitagusa mashavu, na kila ukicheka miwani yote itapanda na mashavu. Hakuna picha ya mtandaoni inayoonyesha hilo, na zile programu za kubandika miwani kwenye selfi haziujui uzito wa fremu wala utelezi wa ngozi saa nane mchana. Jaribio lenyewe ni rahisi: vaa, inama utazame viatu vyako, tikisa kichwa mara mbili, kisha tabasamu mpaka meno yaonekane. Ikishuka, omba fremu ya chuma yenye vipedi vinavyopindika. Vipedi vikisogezwa karibu, miwani inapanda, vikitanuliwa, inashuka.

Kurekebisha ndiko kazi yenyewe ilipo, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Mikono ya asiteti, ile plastiki ya fremu, haikunjwi ikiwa baridi, itavunjika. Mhudumu anaishika juu ya mashine ya hewa moto, anaigeuza geuza, anaigusa kwa ubavu wa kidole gumba kujua kama imelainika, halafu anapinda ncha. Pindo linatakiwa lianze pale pale sikio linapoanza kushuka. Likianza mbele zaidi, mkono unabonyeza juu ya sikio na kufikia jioni pamekuwa pekundu; likianza nyuma zaidi, miwani inateleza kila ukiinama. Anaitia kwenye maji baridi ili ishike umbo, anaifuta, anakuvisha tena. Joto likizidi, plastiki hufanya vipovu na fremu imeharibika. Kwa kawaida hayo hufanywa siku ya kuchukua miwani, ila kwa lenzi za progresivu, zile zenye nguvu ya mbali na ya kusomea ndani ya lenzi moja, inabidi yafanywe kabla, maana mahali mboni inapokaa kwenye lenzi hapapimiki kwenye fremu inayoteleza. Kwa hiyo mteja wa progresivu anayeondoka na "nitarudi" ameondoka na kazi iliyokwisha fanywa.

Fremu nayo inalipa. Wateja huivua kwa mkono mmoja, ikavuta upande na kulegeza bawaba. Mwingine anaipandisha kichwani kama miwani ya jua, mikono ikatanuka. Poda na mafuta ya nywele huganda kwenye vipedi. Fremu iliyojaribiwa hivyo miezi sita huuzwa kwa punguzo, au, katika maduka yasiyo na haya, huuzwa kwa bei kamili kwa mtu anayedhani ni mpya. (Ukinunua fremu iliyokuwa kwenye rafu, ifungue uiweke kichwa chini mezani. Ikiyumba, omba inyooshwe kabla hujalipa.) Ongeza kodi ya jengo la barabara kubwa, gudwili, yaani ada ya kupewa chumba cha duka, iliyolipwa kabla mlango haujafunguliwa, mshahara wa mpimaji na mashine zake. Muuzaji wa Instagram mwenye stoli ya futi sita kwa sita ghorofa ya tatu hana mizigo hiyo, ndiyo maana anauza fremu hiyo hiyo kwa bei ya chini. Hahitaji kioo, kwa sababu kioo chake kiko Moi Avenue na kinalipiwa na mtu mwingine.

Hata hivyo, kuulizia bei si dhambi katika mji huu. Kutoka Luthuli hadi Kamukunji, mtu anauliza duka la kwanza, la pili na la tano, kisha anarudi kwa la pili, na wauzaji wenyewe wanalijua hilo na wanapanga bei wakilijua. Kuvaa fremu mbili tatu, kujitazama, kushukuru na kutoka ni sehemu ya biashara. Shida inaanza pale mteja aliyekwisha amua kununua kwingine anapomwachia mhudumu aamini kwamba ananunua, ili apate kile ambacho mhudumu humfanyia mnunuzi tu.

Hapo tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni karatasi ya vipimo vya macho, ile yenye SPH (nguvu ya lenzi), CYL (silinda, nguvu ya kurekebisha jicho lisilo duara sawasawa), AXIS (pembe ya silinda) na, kwa wengi waliovuka miaka 40, ADD (nguvu ya ziada ya kusomea). Kama umelipia kupimwa, hiyo ni yako na huna haja ya kuiomba kwa aibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu huduma aliyolipia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi, za afya zikiwemo. Duka linalosema "karatasi tunatoa ukinunua miwani" linapoteza alama nyingi kwetu, hata likiwa na fremu nzuri namna gani.

La pili ni vipimo vya kutengenezea miwani: umbali kati ya mboni, unaoandikwa PD, na urefu wa mboni kutoka ukingo wa chini wa fremu. Hivi si hali ya afya ya macho yako peke yake; ni kazi ya fundi, na cha urefu kinahusu fremu moja tu, iliyokaa usoni pako kwa namna moja tu. Mtu akikupimia akitumia kile kifaa kinachofanana na darubini fupi, amefanya kazi ambayo angeijibia kama lenzi zingekatwa vibaya. Kuichukua bure kwa kusingizia unanunua, hiyo tunaiita kwa jina lake.

Na "kupimwa macho bure" je? Lile bango duka limelitundika lenyewe, likijua kwamba baadhi watapimwa na kuondoka; ni chambo, na mvuvi hamlaumu samaki aliyekila akaenda. Lakini upimaji uliofanywa vizuri huchukua dakika 20 hadi 30, na duka lenye mpimaji mmoja haliwezi kupima wengi kwa siku. Ukijua tangu nyumbani kwamba fremu utaagiza, uliza hivi mlangoni: "Vipimo peke yake ni pesa ngapi?" Duka lenye jibu la haraka kwa swali hilo ndilo tunalolipendelea, maana limeshatenganisha kazi na bidhaa. Ukitaka kupimwa mahali ambapo upimaji wenyewe ndio kazi, kuna vitengo vya macho vya hospitali, kama cha PCEA Kikuyu au Lions SightFirst kule Loresho. Unalipia kumwona mtaalamu, na habari ya fremu inabaki uamuzi wako.

Maduka nayo yana madoa yanayowafukuza wateja. Swali la "keshi au kadi?" linaloulizwa kabla bei haijatajwa humfanya mteja ashuku kwamba bei iko mbili, na mara nyingi hashuku bure. Halafu kuna lenzi za "kuzuia mwanga wa buluu", zinazopachikwa kwenye kila ankara ya mtu anayetumia kompyuta. Uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, uliokusanya majaribio 17, haukuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Mpako wa kuzuia mng'aro una faida ya kweli, hasa kwa anayeendesha gari usiku kwenye Thika Road. Lipia huo, huo wa buluu uache. Mteja aliyeongezewa vitu visivyo na kazi hawezi kulaumiwa akienda kutafuta bei kwingine.

Sasa upande wa pili: unaponunua kwingine, ni nini huharibika?

Kikubwa ni PD. Muuzaji asiyekuona atakuomba umtumie, na ukikosa atatumia wastani, mara nyingi 63. Chukua mtu wa −4.00 mwenye PD ya 57. Lenzi zimekatwa kwa 63, kosa ni milimita 6, yaani sentimita 0.6. Zidisha kwa nguvu ya lenzi: 0.6 mara 4 ni 2.4. Hiyo ndiyo prizimu, yaani kupindwa kwa mwanga, kwa kipimo cha daiopta, ambayo macho mawili yanabebeshwa kwa pamoja. Na kwa lenzi za kutoa (zenye alama ya −), PD ikiwa pana mno, macho yanalazimishwa kutanuka kwenda nje, jambo ambalo macho ya binadamu hayaliwezi ila kidogo sana. Dalili yake haiji dukani. Inakuja saa kumi jioni: kichwa kinauma juu ya nyusi, na ukivua miwani unapata nafuu. Kwa mtu wa −1.00, kosa lile lile ni 0.6 tu, na wengi hawatalihisi. Kosa la juu na chini ni baya zaidi. Lenzi moja ikipanda milimita 2 kuliko mwenzake, macho yana uwezo mdogo sana wa kufidia, na kwa lenzi kali mtu anaweza kuona mistari ikigongana.

Kupima PD mwenyewe kunawezekana. Weka rula ya milimita kwenye paji, juu kidogo ya nyusi, simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, funga jicho la kulia, linganisha sufuri na katikati ya mboni ya kushoto. Kisha, bila kusogeza kichwa, fumbua la kulia, funga la kushoto, usome milimita iliyo juu ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu na uchukue ya katikati. Njia ya simu ni kushika kadi ya benki chini ya pua na kupiga picha: kadi zote za benki zina upana wa milimita 85.6, kwa hiyo unaweza kukadiria kwa uwiano. Kadi ikiwa mbele ya uso badala ya kuugusa, kipimo kinapungua. Ukitazama kamera iliyo karibu, macho yanaingia ndani na kipimo kinapungua tena. Kosa la milimita 2 ni la kawaida. Ukiwa chini ya ±2.00 halitakusumbua, juu ya ±4.00, usikubali.

Lenzi za progresivu usizinunue kwa picha, na hapa hatuna maneno laini. Sehemu ya kusomea iko chini ya lenzi, na mahali inapoanza hutegemea urefu uliopimwa fremu ikiwa usoni. Lenzi ikikaa chini kwa milimita 3, utainua kidevu kila ukisoma meseji, na shingo itakuambia kabla ya wiki kuisha. Ikikaa juu, vitu vya mbali vitakuwa na ukungu ukitembea, na ngazi zitakutisha. Na fremu yenye lenzi fupi chini ya milimita 28 hivi haiachi nafasi ya kutosha kwa sehemu ya mbali na ya kusomea.

Kuagiza nje ya nchi kuna hesabu yake. VAT ya 16% inawekwa juu ya thamani pamoja na gharama za kusafirisha, na kuna tozo nyingine za forodha, kwa hiyo bei ya kwenye skrini si bei ya mlangoni kwako. Miwani ikija na kosa, sera nyingi za kurudisha hazigusi lenzi zilizokatwa kwa vipimo vyako, na gharama ya kurudisha parseli inaweza kumeza ule unafuu wote.

Kuna njia ya katikati ambayo maduka mengi ya mjini huikubali ukiuliza vizuri: fremu unakuja nayo, lenzi wanakata wao. Wanapata kazi yao, wewe unapata kipimo chenye mtu wa kukijibia. Uliza ada ya kukata kabla hujatoa fremu kwenye mfuko, na usishangae wakikuambia kwamba ikivunjika ni hasara yako. Asiteti kuukuu hukauka na kupasuka ikipashwa moto, na zile fremu zisizo na ukingo zinatobolewa lenzi kwa drili, kazi ambayo mafundi wachache wanaipenda.

Ukitaka kujaribu tu, sema hivyo mwanzoni. Nenda Jumanne asubuhi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna foleni, na nafasi unayoikalia ni ya mtu anayelipa. "Dada, leo najaribu tu, huenda nikanunua kwingine. Mkinipimia PD ni pesa ngapi?" Wengi watakujibu "Karibu boss, jaribu tu," wakutajie bei ya kipimo au wakuambie uache chochote. Acha chochote, ila kisiwe sarafu. Picha ya zile namba za ndani uombe ruhusa kabla ya kupiga. Skrubu ikilegea baadaye kwenye miwani uliyonunua kwingine, usiingie ukijifanya ulinunulia hapo. Mhudumu anayajua maandishi ya fremu zake, atakukazia bila kusema neno, na wote wawili mtajua.

Uamuzi wetu basi: mwenye lenzi za kuona mbali tu chini ya ±2.00, anayejua PD yake na anayejua fremu gani inakaa puani pake, anunue atakapo, ilimradi aliyempimia amelipwa. Juu ya ±4.00, silinda inayozidi 2.00, progresivu, na mtoto yeyote: nunua pale ulipopimwa hata kama ni ghali kidogo. Mtoto atairudisha miwani dukani ikiwa imepinda zaidi ya mara moja kwa muhula, na hapo ndipo bei ya fremu inapokuwa imelipia kitu.

Na kama umeshanunua kwingine na kichwa kinauma, usizitupe bado. Zipeleke duka lolote lenye lensomita, useme ukweli zimetoka wapi, ulipie kukaguliwa. Fundi ataziweka kwenye mashine, asome nguvu ya kila lenzi, na kugonga nukta tatu za wino juu ya kila moja. Ya katikati ndiyo kitovu. Weka rula kati ya nukta mbili za katikati. Zikiwa 63 na wewe ni 57, umepata jibu la kumtumia muuzaji, pamoja na picha. Ule wino hutoka kwa pamba yenye spiriti.